Ukienda kwa Mfiwa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kuzika tunajua. Habari ikitoka saa 11 alfajiri, kufika saa 3 asubuhi turubai liko juu, viti vimekodiwa, daftari la michango liko mezani na akina mama wamekwisha kuwasha moto uani. Hakuna aliyemtuma mwenzake. Kwa hilo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu unaanza siku ya nne, turubai likishashushwa na masufuria yakisharudi kwa wenyewe. Mfiwa anabaki na viatu vya marehemu mlangoni, na sisi tumeshahamia msiba mwingine. Tunamhudumia aliyekufa vizuri kuliko aliyebaki. Haya ninayoyaandika yameshasemwa kwa upole mara nyingi na hayakusikika, kwa hiyo leo upole nimeuweka kando.

HABARI INAPOTOKA

Usitangaze kifo kisicho chako. Binti wa marehemu yuko Muscat kazini, anafungua simu wakati wa mapumziko, na kwenye kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao anakuta picha ya mama yake imewekewa mshumaa. Aliyeituma alitaka awe wa kwanza. Wa kwanza kufanya nini? Subiri familia iseme. Kama huna hakika kwamba watoto wote wameshaambiwa, funga mdomo na funga simu.

Ukitumwa kupeleka habari, sema "amefariki". Najua kawaida yetu: tunamwambia mtu "mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo", apande basi la Mbeya akiomba dua kutwa nzima kwa mgonjwa ambaye yuko mochwari tangu jana. Tunasema tunamkinga. Akifika na kuona turubai kutoka barabarani, anajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba kafiwa, na kwamba wote mlimdanganya. Tafuta kwanza mtu aliye karibu naye, jirani au mfanyakazi mwenzake, aende akae naye. Kisha piga, umwambie ukweli kwa sentensi fupi, na ubaki kwenye simu.

Usipige picha ya maiti. Wala mjane anapozimia.

JAMVINI

Sema "pole", kisha kaa. Katika Biblia, marafiki wa Ayubu walimkuta amefiwa na watoto wote, wakakaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila kutamka neno. Hapo walikuwa marafiki wa kweli. Waliharibu siku walipofungua midomo na kuanza kumweleza kwa nini yamempata. Wengi wetu hatuwezi hata hizo dakika 7. Tukiona kimya tunakijaza maneno, na maneno yenyewe ni yaleyale: kazi ya Mungu haina makosa, bora amepumzika, angalau aliishi miaka mingi, angalau unao wengine. Kila "angalau" ni njia ya kumwambia mtu apunguze kilio. Mfiwa akisema mwenyewe kwamba ni mapenzi ya Mungu, itikia amina. Kuanza usianze wewe, maana maneno ya imani yakitoka kwake yanambeba, na yakitoka kwako yanamfunga mdomo.

Usimwambie mtu ajikaze, hasa mwanamume. Mtume Muhammad alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, na walioshangaa aliwajibu kwamba ni huruma. Yesu alilia akielekea kwenye kaburi la Lazaro. Kilichokatazwa na masheikh ni kujipiga, kurarua nguo na kupayuka maneno ya kumkufuru Mungu. Machozi hayamo katika orodha hiyo. Sasa wewe uliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe umepata wapi mamlaka ya kumkataza baba asimlilie mwanawe? Na kinyume chake pia: asiyelia usimnong'one. Kuna watu ambao machozi yao huja baada ya miezi, wakiwa peke yao, mbele ya rafu ya dawa ya meno aliyoipenda marehemu. Kuhesabu machozi ya mjane ili ujue kama alimpenda mumewe ni umbea tu, hata ukivaa baibui jeusi.

Usimsimulishe. Kila anayeingia anauliza "ilikuwaje?", na mfiwa anaanza upya: homa, gari, hospitali, saa ngapi. Familia imeweka msemaji, muulize huyo. Ila mfiwa akianza kusimulia mwenyewe, msikilize mpaka mwisho hata kama ni mara ya tano, na usimrekebishe tarehe.

Usitafute mchawi. Kifo cha ghafla kina majina yanayofahamika: shinikizo la damu lisilopimwa, kisukari, pikipiki, uzazi uliocheleweshwa kufika hospitali. Mtu akianza kuuliza "lakini nani aliyegombana naye?", mtoe jamvini kabla jina la bibi wa watu halijatajwa. Shinyanga na Mwanza wameuawa vikongwe kwa sababu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa jikoni. Mazungumzo ya namna hiyo huanzia msibani, usiku, kwa sauti ya chini.

Waache watani wafanye kazi yao. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kizazi cha sasa kinataka kuua jambo ambalo hakijalielewa. Mwili uko ndani, wanawake wanalia, mara anaingia mtu kavaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake, anadai deni ambalo marehemu hakulipa. Au anashuka ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa, analala, na anakataa kutoka mpaka apewe chochote. Huyo ni mtani: Mnyamwezi kwa Mzaramo, Mpare kwa Mchaga. Kijana wa mjini anainuka amtoe nje. Keti chini, kijana. Huyo ana ruhusa ambayo wewe huna. Zile kazi za mazishi ambazo mfiwa hawezi kuzigusa zilikuwa zake, na ujira wake ni uhuru wa kutania. Mwangalie mjane wakati mtani anaiga jinsi marehemu alivyokuwa akikohoa kabla ya kukopa pesa: anacheka, na machozi bado yako shavuni. Kwa dakika moja mume wake amerudi na kasoro zake, kabla mtu hajasimama na karatasi kusoma wasifu unaomfanya malaika. Nimekaa kwenye misiba yenye mshehereshaji, maua ya kukodi na kamera tatu ambako hakuna aliyemrudisha marehemu hata kidogo. Mipaka ipo, naam. Kifo cha mtoto hakitaniwi. Aliyejiua hataniwi. Na kama huna utani na kabila hilo wala ukoo huo, basi huko ni kukosa adabu tu.

Usilazimishe sare. Shangazi wa kijijini asiye na pesa ya kitenge kipya anasimama nyuma kwenye mazishi ya kaka yake mwenyewe kwa sababu hajafanana na wengine kwenye picha.

MALI

Usiguse kitu. Usichukue redio, shamba, simu, kadi ya pikipiki wala "kumbukumbu ndogo tu". Ndugu wa mume wanaofika na gari la mizigo kabla ya arobaini wanajulikana, na wanajulikana kwa jina lao halisi, ambalo adabu inanizuia kuliandika.

Mpeleke mfiwa kwenye karatasi mapema, naye akiwa anashikwa mkono. Kwa Tanzania Bara kifo husajiliwa ndani ya siku 30 na cheti hutolewa kupitia wakala wa usajili, RITA. Bila cheti hicho benki haitafungua mdomo, wala mfuko wa pensheni. Kisha kuna mirathi, na hapa watu wazima wanapotoshana sana. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Na msimamizi wa mirathi hageuki kuwa mwenye mali: anakusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na Mahakama ya Mwanzo inamtaka ndani ya miezi 4 awasilishe orodha ya mali na madeni. Akichelewesha mwaka mzima huku anaishi kwenye nyumba ya marehemu, mrudisheni mahakamani. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, CEDAW, iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili wa Kisukuma waliofukuzwa kwenye nyumba zao kwa kufuata kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963. Kwa hiyo anayesema "hayo ni mambo ya ndani ya ukoo" ajue kwamba yameshafika Geneva.

Haya nayaweka kwenye makala ya huzuni makusudi. Mjane anayelala akiwaza kama kesho atafukuzwa hajapata nafasi ya kumlilia mumewe. Huzuni yake inasubiri zamu nyuma ya hofu, na ikija baada ya miaka miwili watu watamshangaa.

Rambirambi, au ubani kama wasemavyo watu wa pwani, mkabidhi mfiwa mkononi. Kamati ya mazishi ikishafunga hesabu, kilichobaki hakigawanywi kwa wanakamati kama nauli. Tena ingefaa nusu yake isiliwe kabisa siku za matanga, iwekwe mpaka mwezi wa pili, wakati ada ya shule inadaiwa na mchangaji haonekani.

WATOTO

Usimwambie mtoto kwamba baba amesafiri. Atamsubiri. Atakwenda kituoni. Atajiuliza kwa nini baba hakuaga, na jibu atakalolipata kichwani mwake ni kwamba yeye alikosea, kwamba siku ile alipovunja kikombe ndiyo iliyomfukuza baba. Kisha siku moja mtoto mwenzake shuleni atamwambia ukweli akimcheka. Usimwambie kwamba amelala, maana usiku wa leo ataogopa kufumba macho, na kesho mama yake akijinyoosha mchana atamtikisa kwa kilio. Wala usimwambie kwamba Mungu alimpenda zaidi akamchukua, usije ukashangaa mtoto anakataa kwenda kanisani au madrasa.

Mtoto wa miaka 3 au 4 bado hajui kwamba aliyekufa harudi. Wengi huanza kulishika hilo kati ya miaka 5 na 7. Kwa hiyo mwambie kwa maneno ya umri wake: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, hatarudi, na wewe hukufanya kosa lolote. Atakwenda kucheza mpira. Mwache. Watoto huingia kwenye huzuni na kutoka kwa vipande vifupi. Jioni atarudi na swali lilelile, na utalijibu tena vilevile. Nyuma ya maswali yake mengi kuna matatu anayoogopa kuyatamka: nani atanilisha, nitasoma wapi, na mama naye atakufa lini. Mjibu hata kama hajauliza.

Akitaka kwenda makaburini, aende, ameshikwa mkono na mtu mzima mmoja ambaye siku hiyo hana kazi nyingine. Asipotaka, asiburuzwe akabusu maiti.

Kijana wa miaka 12 usimwambie "sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii". Baba wa nyumba amekufa. Huyo ni mtoto, na anahitaji aulizwe kama amekula.

Na mnapokaa kikao cha ukoo kuwagawa yatima, huyu kwa mjomba Tanga, huyu kwa shangazi Morogoro, yule mdogo abaki na bibi, mnajua mnachofanya? Mtoto aliyepoteza mzazi Jumatatu mnampotezea ndugu zake Ijumaa. Kama hakuna mwenye uwezo wa kuwachukua wote, afadhali wenye uwezo wachange na watoto wakae pamoja kwa yule mwenye nafasi ndogo. Godoro moja la watoto watatu lina faraja kuliko vyumba vitatu katika mikoa mitatu.

TURUBAI LIKISHASHUSHWA

Usiseme "ukihitaji chochote niambie". Hatakuambia. Kuomba ni kazi, naye hana nguvu hata ya kuchana nywele. Taja kitu na siku: Alhamisi nitakuja kumpeleka mtoto kliniki, nimekununulia umeme na namba za LUKU ni hizi, kesho nitakusindikiza mahakamani. Ukikataliwa mara moja, rudi wiki inayofuata na kitu kingine.

Mtaje marehemu kwa jina. Tunanyamaza tukidhani tutamkumbusha. Kwani amesahau? Baada ya miezi mitatu kinachomuumiza ni kwamba jina hilo halitamkwi tena na mtu yeyote isipokuwa yeye. Mwambie kile kichekesho alichokifanya marehemu harusini. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina aliandika shairi akalipa jina lake, na ndiyo maana mimi na wewe, ambao hatukuwa tumezaliwa, tunamjua Amina. Zamani wataalamu wengi walifundisha kwamba kazi ya mfiwa ni kumwachia marehemu aende zake. Tangu miaka ya 1990 wengi wao wamegeuka: uhusiano unabaki, ila unabadilika umbo. Bibi zetu waliosoma hitima kila mwaka na kumpa mjukuu jina la babu yake hawakuhitaji kuambiwa.

Weka tarehe kwenye simu yako. Arobaini watu wanaikumbuka kwa sababu kuna chakula. Andika zisizo na chakula: siku ya kuzaliwa ya marehemu, Idi au Krismasi ya kwanza, siku matokeo ya mtihani wa mtoto yanapotoka, na mwaka wa kwanza.

Usimgeuzie mjane eda kuwa jela. Eda ya aliyefiwa na mume ni miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Ni ibada, na ndani yake kuna rehema ambayo watu wa maofisini hawana: mwanamke anapewa muda ambao hakuna anayemtaka achangamke. Lakini nimeona mawifi wakiigeuza ulinzi wa lango. Wanazuoni wengi wanamruhusu kutoka mchana kwa haja, kama matibabu au riziki isiyo na mtu mwingine wa kuitafuta. Anayemzuia mwenye presha kwenda kuchukua dawa kwa kisingizio cha eda amwulize sheikh kabla hajafanya dhambi. Eda ni miezi hiyo tu. Huzuni haina kalenda hiyo, inaweza kuisha kabla au baada.

Mwajiri, nawe sikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo isiyopungua siku 4 anapofiwa na mwenza, mtoto, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Siku 4 hazimtoshi hata mtu wa Dar es Salaam anayezika Bukoba. Hicho ni kiwango cha chini, na hakuna sheria inayokukataza kuongeza. Na akirudi, usimkabidhi hesabu za mwisho wa mwaka wiki ya kwanza. Atakosea, kwa sababu mfiwa husahau, na utamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kufiwa.

MISIBA ISIYO NA TURUBAI

Usipime msiba kwa ukubwa wa turubai. Mama aliyejifungua mtoto asiye na pumzi hupewa siku mbili na sentensi moja: utapata mwingine. Huyo alikuwa na jina kichwani mwa mama yake, na maziwa yanatoka kifuani bila mnyonyaji. Mpe pole kamili, umuulize kama alimpa jina. Mchumba ambaye ndugu hawakumtambua, mtalaka aliyezaa na marehemu watoto wanne, dada wa kazi aliyemlea huyo mtoto tangu akiwa mchanga, rafiki wa miaka thelathini: wote hao hukaa nyuma kabisa na hakuna anayewashika mkono. Nenda ukawashike.

Kuna pia waliokosa mwili wa kuzika. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia walikufa, na zipo familia ambazo hazikupata mtu wao hata wa kumtambua. Kwenye makaburi ya Igoma walizikwa wengi, na ndugu anaweza kusimama pale asijue kama anasimama juu ya mtu wake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa meli ya Spice Islander, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kwenye mkondo wa Nungwi. Mtu wa namna hii usimlazimishe aseme "nimekubali". Akiendelea kugeuka kila anaposikia sauti inayofanana sokoni, hajarukwa na akili. Msaidie apate mahali na siku ya kumkumbuka, hata kama ni ufukweni na ua moja.

SASA WEWE ULIYEFIWA

Umekaliwa na watu siku nyingi, wakakuambia la kufanya. Nami nakuongezea, unisamehe.

Usijipime kwa hatua tano. Mtu atakuletea: kukana, hasira, kubembeleza, majonzi, kukubali. Hatua hizo ziliandikwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa wao wenyewe, huko Chicago. Wafiwa wakabebeshwa baadaye, kama ngazi ya kupanda kwa mpangilio. Huna ngazi. Jumatatu utakubali, Jumanne utamkasirikia marehemu kwa kutopima presha, Jumatano utacheka kwenye daladala. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii anaomboleza, saa ijayo anakaanga vitumbua vya biashara, na kote kuwili ni kuomboleza. Ukijiona umesahau kwa saa nzima hujamsaliti mtu.

Ukisikia sauti yake, usikimbie kwa mganga. Unasikia akikohoa chumbani, unanusa mafuta yake, unahisi kitanda kinabonyea upande wake. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa Wales, na karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi, kusikia au kumwona marehemu. Wengi walikuwa hawajamwambia mtu. Wengi walipata faraja. Mganga atakuambia mzimu una njaa na unadai mbuzi mweusi. Huo utakuwa msiba wa pili, wa mfuko.

Kifua kikibana, nenda hospitali. Usikubali kuambiwa "ni uchungu tu". Mshtuko wa huzuni unaweza kudhoofisha moyo ghafla kwa dalili zilezile za shambulio la moyo. Madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa huo mwaka 1990, wakauita takotsubo, na huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona wakitibiwa. Na dawa zako za sukari na presha zilizosahaulika kwenye pilikapilika za msiba, zimeze leo.

Kula kidogo, oga, toka nje jua likiwepo. Hayo sina la kuyaeleza zaidi.

Usiuze nyumba, usihame mkoa, usiolewe wala kuoa kwa shinikizo, usigawe nguo zote katika miezi ya kwanza. Watakuja wenye haraka. Waambie wasubiri. Nguo zikiwa tayari kutoka utajua mwenyewe, na shati moja libaki.

Usijitibu kwa pombe, wala kwa vidonge vya usingizi vya jirani.

Usione aibu kwa afueni. Kama ulimuuguza mama aliyelala kitandani miaka mitatu, siku alipopumzika nawe ulipumua. Kama marehemu alikuwa akikupiga, ulipumua zaidi, na bado unaweza kumlilia. Huzuni haichagui watu wema.

Na ujue mpaka uko wapi. Wafiwa wengi huinuka bila daktari, kwa muda wao, wakiwa na watu. Wachache hukwama: miezi inapita, na kila siku, karibu saa zote, ni hamu ileile ya marehemu, kazi haifanyiki, mtoto hahudumiwi, maisha hayana maana. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa huo katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022, na halihesabu kabla ya miezi 6, tena likizingatia mila za mfiwa. Madaktari wa akili wa Marekani wanataka miezi 12 kwa mtu mzima. Ugonjwa huo una matibabu, na zaidi ni ya mazungumzo yaliyopangwa. Anzia hospitali ya wilaya, uombe mtu wa afya ya akili. Hospitali za Muhimbili na Mirembe zipo kwa watakaopelekwa mbele. Kwenda huko hakukufanyi mwendawazimu, na sheikh au mchungaji mwenye busara atakusindikiza.

Ila kama wazo ni kumfuata marehemu, usisubiri mwezi wa sita. Mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo. Na wewe unayemshuku ndugu yako, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakupandi wazo hilo kichwani mwake. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa sumu ya panya na dawa ndani ya nyumba, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Wewe msomaji, kuna mtu uliyemzikia mwaka huu na tangu siku ile hujamwona. Jina lake limeshakujia. Usimtumie ujumbe wa kunakili wenye mikono iliyofumbatana. Mpigie leo, mwambie Jumamosi utafika, na ufike.